Majina ya Homa Bay

Njiti ya kiberiti ilikwaruza, ikazimika, nyingine ikakwaruza tena. Jogoo wa jirani alikuwa bado kimya, lakini nilijua mjukuu wangu ameamka. Alikuwa akiwasha taa chini ya meza, mkono mmoja umekinga moto ili mwanga usinipige machoni. Hakujua kwamba wazee usingizi hutuacha wenyewe alfajiri. Nikalala kimya, nimwache aamini hajaniamsha.

Jina lake la ubatizo ni Orpah. La nyumbani ni Bochaberi, ambalo ni jina la marehemu mama yangu mzazi. Kwetu Wagusii, mtoto akibeba jina la mtu, unamwita kama ulivyomwita yule mwenyewe. Kwa hiyo mimi Nyanchoka, na mvi zangu zote, nilikuwa nikimwita "Mama" msichana niliyembeba mgongoni. Majirani wetu wa Migori walicheka walipotusikia kwa mara ya kwanza, kisha wakazoea.

Hiyo ilikuwa Jumapili moja ya mwaka wa tisini na sita, na kesho yake asubuhi tulitakiwa kuwa Homa Bay. Huko kulikuwa na zahanati ya misheni ambayo ilikuwa imepewa kompyuta na wafadhili. Mkuu wa zahanati, Sista Metrine, alitaka programu ya kutafuta kadi za wagonjwa: mgonjwa ataje jina, na kompyuta iseme papo hapo kadi yake iko rafu gani. Alimwuliza Japheth, mwenye ofisi ya kupiga chapa hapa Migori, kama anamjua mtu wa kazi hiyo. Japheth akamtaja Orpah, mpiga chapa wake. Wengine wangejitaja wenyewe.

Sista akatuma neno. Orpah aje Jumatatu aiweke programu yake, na Ijumaa kamati ya zahanati itaitazama. Ikiwapendeza, ataajiriwa pale pale. Isipowapendeza, watamtafuta mtu wa Kisumu.

Mwanangu Kerosi, baba yake Orpah, alisema, "Sawa, nenda. Lakini ikikataa, unarudi dukani kwangu kuuza misumari, na haya mambo ya kompyuta yaishe."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kumwona binti yake akisoma kitu kisicho na darasa wala cheti. Lakini ni yeye huyo huyo aliyeniomba nimsindikize, na ndiye aliyetujazia chai kwenye chupa ya safari.

Orpah hakuwa na mwalimu wa mambo hayo. Alipomaliza kidato cha nne alienda kupiga chapa kwa Japheth, na katika mashine moja kuukuu akakuta lugha ya kuandikia programu, inayoitwa BASIC. Wateja wakiondoka, Japheth alimwacha aijaribu. Nyumbani hatukuwa na umeme, kwa hiyo aliandika programu zake kwa penseli, kesho yake akazipeleka kazini kuona kama zinakubali. Baadaye Mwalimu Nyarangi wa Rongo, aliyemfundisha hesabu zamani, alimpa kitabu alichosoma chuo kikuu. Alimwambia, "Kaa nacho mpaka ukichoke." Hakikuwa kitabu cha kubonyeza vitufe. Kilieleza misingi: namna ya kupanga vitu vingi, namna ya kukitafuta kimoja kati ya hivyo, na namna ya kujua mapema mashine itafanya kazi kubwa kiasi gani.

Asubuhi hiyo, nilipojifanya nimeamka, nilimkuta akitabasamu juu ya karatasi.

"Nyanya, programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga kweli," akasema. "Ilikuwa ikisoma majina yote kuanzia la kwanza. Kama unamtaka Zablon na yuko mwisho, inasalimia dunia nzima kabla ya kumfikia Zablon."

"Ina adabu," nikasema.

Akacheka. "Adabu inayochelewesha wagonjwa. Sasa nimeipa droo. Kila herufi ina droo yake. Bichage anaingia droo ya B, Kerosi droo ya K. Ukimtaka Kerosi, inafungua droo ya K tu. Zingine haizigusi."

"Na Zablon?"

"Zablon ana droo yake peke yake. Amenyoosha miguu."

"Na umeijaribu?"

"Nimeijaribu. Sista hawezi kunipa majina ya wagonjwa, hayo hayatoki nje ya zahanati. Kwa hiyo nimeandika majina ya kanisani kwetu, yote, na ya ukoo wa baba, na ya ukoo wako. Kisha nikayarudia mpaka yakawa mengi kama ya kwao. Nyanya, inaruka! Ukimaliza kuandika jina, jibu limeshafika."

Nilimwangalia uso. Nilimwomba Mungu mtoto huyu asiache kufurahi namna ile.

*

Homa Bay tulifika jioni hiyo hiyo, tukafikia kwa Rispa, karani wa kadi pale zahanati. Ni Mjaluo, mjane, na kwa bahati njema Msabato kama sisi. Hatukuwa tumejuana naye kabla, lakini Sista alipouliza nani ana nafasi, Rispa alikuwa amesema, "Nafasi sina, lakini nina mkeka."

Chakula cha kwanza kilikuwa samaki mzima, akiwa bado na kichwa. Nilimtazama yule samaki, naye akanitazama.

"Dani," Rispa akasema, maana ndivyo Wajaluo wanavyomwita nyanya, "mbona mnaogopana?"

"Mimi ni mtu wa ndizi, binti yangu. Mifupa hii sijui inaanzia wapi."

"Wagusii nyinyi! Ziwa liko hapo chini na mnakaa mlimani kula majani!" Alisema akicheka, na huku anasema hivyo vidole vyake vilikuwa vinatoa mifupa kwenye sahani yangu, mmoja mmoja, bila hata kuangalia. Chakula chake mwenyewe kilipoa.

Usiku huo nilikuwa na swali moja moyoni ambalo sikulitoa. Rispa ndiye aliyekuwa akitafuta kadi miaka yote. Ni yeye pia aliyeyaingiza majina yote katika ile kompyuta, kwa kidole kimoja, miezi mingi. Ikiwa mashine itafanya kazi, yeye atafanya nini? Na bado alikuwa ametutandikia mkeka ulio mzuri kuliko wake.

Jumatatu asubuhi Orpah aliingiza disketi yake, akaunganisha programu na yale majina. Sista Metrine alisimama nyuma yake. Rispa alikaa kwenye kiti chake kando ya rafu. Mimi nilipewa kiti mlangoni.

"Haya," Sista akasema. "Kuna mama mmoja yuko nje, Akoth Perez. Mtafute."

Orpah akaandika. Akabonyeza. Mashine ikaanza kuguna.

Tukangoja. Orpah akaegemea mbele, kisha akakaa vizuri, kisha akaegemea tena. Mashine iliguna tu. Nilimwona Rispa akiinua macho kwenye rafu ya tatu na kuyashusha haraka. Alijua kadi ilipo. Angeweza kuinuka, kuichukua na kurudi, lakini aliikunja mikono yake mapajani akakaa kama mtu aliyeko kanisani. Sikumsahau kwa jambo hilo.

Mwishowe jibu likaja. Lilikuwa sahihi.

"Imepata," Sista akasema kwa upole. "Labda ilikuwa inapasha moto. Jaribu Ouma."

Ouma naye alichelewa vile vile. Akafuata Odero, Atieno, Owuor. Majibu yote yalikuwa sahihi, na yote yalichelewa mpaka mtu anaanza kuangalia dirishani.

"Orpah," Sista akasema, "asubuhi ya siku ya kliniki, watu hujaa mpaka kwenye nyasi. Wakingoja hivi kila mmoja, hatutafika jioni. Una mpaka Ijumaa. Mimi ninakuombea." Akamgusa bega, akaenda wodini.

Siku hiyo na siku iliyofuata Orpah hakuinuka pale. Alipitia programu yake mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, midomo ikisogea. Hakuona kosa. Akafikiri disketi ni mbovu, akabadilisha. Akafikiri ni mashine, lakini mashine ilikuwa mpya kuliko ile ya Japheth. Jumanne jioni, tukitembea kurudi kwa Rispa, aliniambia bila kunitazama, "Kwa Japheth ilikuwa inaruka, nyanya. Nilikuambia."

"Uliniambia, Mama."

"Labda baba amesema kweli. Labda mtu hawezi kujifunza haya mambo peke yake. Unajua kidogo hapa na kidogo pale, na katikati kuna shimo usiloliona."

Nilichukua mfuko wake wa karatasi nikaubeba, na yeye akaniachia.

*

Jumatano asubuhi nilimwambia, "Kabla hujaiwasha hiyo mashine, njoo ukae nami juani kidogo. Miguu yangu imelala." Sikuwa na hekima yoyote ya kumpa. Nilitaka tu macho yake yapumzike.

Tukakaa kwenye benchi refu la wagonjwa. Palikuwa pamejaa. Muuguzi kijana aitwaye Tony akatoka na karatasi mkononi. Alikuwa mtu wa mzaha, na wagonjwa walimpenda kwa hilo.

"Okoth!" akaita.

Wanaume wanne wakasimama. Mama mmoja naye akamsukuma mbele mtoto mdogo aliyevaa kofia ya sufu.

"Eh! Nimeita mtu mmoja, si timu ya mpira," Tony akasema. "Okoth wa wapi huyu? Okoth wa Lambwe!"

Wawili wakakaa, na yule mama akamrudisha mtoto wake. Wawili wakabaki wamesimama, wakatazamana.

"Wewe wa Lambwe?" mmoja akauliza.

"Nimezaliwa huko. Wewe nimekuona lini Lambwe?"

"Tulieni, wazee," Tony akasema. "Okoth anayeumwa jino!"

"Mimi," wote wawili wakasema pamoja.

Benchi zima likacheka. Mzee mmoja pembeni yangu akafuta machozi akasema, "Mvua ilinyesha sana mwaka ule." Nikamwuliza mvua imeingiaje hapo. Akanieleza kwamba kwao mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua ni Okoth, na akiwa msichana ni Akoth. Wa usiku ni Otieno na Atieno. Wa jua likiwaka ni Ochieng' na Achieng'. "Kwa hiyo Mungu ndiye anayetupa majina," akasema. "Na mbingu ni moja, sasa utafanyaje?"

Nikageuka nimwambie Orpah. Hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu.

"Nyanya, nitajie watu wa kanisani kwetu. Mstari wetu tu, wa kushoto."

"Bichage na mkewe Gesare," nikasema. "Nyarangi mdogo. Moraa. Mzee Tinega. Kerosi. Kwamboka. Oyaro..."

"Oyaro," akasema. "Mmoja! Na hapa, wanaume wote O, wanawake wote A." Akasimama. "Nyanya, droo zangu! Nimetengeneza droo za Wagusii nikazileta kwa Wajaluo. Watu wote wa Homa Bay nimewasukuma kwenye droo mbili, na zile nyingine ziko tupu!"

Mzee wa pembeni akaniuliza, "Binti anaumwa nini?"

"Amepona," nikamwambia.

Nilimfuata ndani polepole. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kurekebisha chochote. Aliiamuru mashine ihesabu watu walio katika kila droo na kuwaonyesha kwa mistari kwenye kioo. Tuliona wote, mimi na Rispa. Kwenye O mstari ulikwenda mpaka ukakosa nafasi, na A vile vile. Kwenye T kulikuwa na mtu mmoja.

"Huyo ni dereva wa Sista," Rispa akasema. "Si wa hapa."

Orpah akafungua kitabu cha Mwalimu Nyarangi. Akanionyesha sura moja ambayo kurasa zake zilikuwa bado safi.

"Hii niliiruka," akasema. "Ilikuwa na hesabu nyingi, na droo zangu zilikuwa zinafanya kazi, nikaona ya nini. Imeandikwa hapa wazi kabisa: kabla hujachagua namna ya kugawa vitu, vijue vitu vyenyewe vilivyo." Akaona haya kidogo. "Nilidhani misingi ni ile sehemu rahisi ya mwanzo."

Akakaa kuisoma kuanzia neno la kwanza. Rispa alimletea uji, akauweka mbali na karatasi ili usimwagike, akaufunika kwa sahani. Mchana akaja akauchukua ukiwa umepoa, akauleta tena wa moto.

Alhamisi Orpah alinieleza alichokifanya, maana anajua napenda kuelezwa hata nisipofika mwisho. Hakutazama tena herufi ya kwanza. Alichukua jina lote, la ubatizo, la kuzaliwa na la baba, pamoja na mahali mtu anapotoka. Kila herufi akaipa namba, na namba hiyo ikabadilika kulingana na mahali herufi iliposimama. Zote zikajumlishwa, jumla ikagawanywa, na kile kinachobaki ndicho kinachosema mtu aende droo gani.

"Kwa hiyo Okoth wa Lambwe na Okoth wa Remba hawakai pamoja tena?"

"Mara chache sana. Mmoja anaweza kukaa na Sista Metrine."

"Na inajuaje kurudi kwake ukimtaka?"

"Inapiga hesabu ile ile tena, nyanya. Jina ni lile lile, kwa hiyo jibu ni lile lile. Haihitaji kukumbuka. Inahitaji tu kuhesabu."

Hilo nilikaa nalo muda mrefu, na mpaka leo nalipenda.

"Na wale wawili wa Lambwe, wa jino?" Rispa akauliza.

Orpah akageuka. "Hao nitahitaji uniambie wewe, mama. Wanatofautishwaje?"

"Mmoja ni mtoto wa Dora, mwingine wa Siprosa. Tunaandika jina la mama."

"Basi na sisi tutaandika la mama," Orpah akasema, na akamsogezea Rispa kiti mbele ya kioo. "Njoo ukae hapa, uniongoze." Wakakaa hivyo mpaka jioni, bega kwa bega, mmoja akitaja na mwingine akiandika. Kabla hawajaondoka walikuwa wamebadilishana, Rispa ndiye anaandika.

*

Ijumaa kamati ikaja. Mwenyekiti alikuwa Mzee Barnabas, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea watoto wanyamaze.

"Nimesikia Jumatatu ilikataa," akasema.

"Ilikataa, mzee," Orpah akajibu.

"Hm." Nilimwona amependa kwamba hakujitetea. "Nitafutie Otieno Julius, wa Remba, mtoto wa Awino."

Orpah hakuandika yeye. Alimpisha Rispa, na Rispa akaandika kwa vidole viwili. Mzee Barnabas akaanza kutafuta miwani yake mfukoni. Kabla hajaifikisha puani, Rispa akasema, "Rafu ya tano, kadi iko hapa."

"Mlikuwa mmeiweka tayari."

"Taja mwingine, mzee," Rispa akajibu.

"Nitafute mimi."

Rispa akaandika. "Rafu ya pili," akasema. Akanyoosha mkono, akatoa kadi, akaitupia jicho. "Malaria. Uliambiwa urudi baada ya wiki moja na hukurudi."

Wanakamati wakacheka mpaka Sista akajifunika uso. Mzee Barnabas naye akacheka mwishowe, kisha akamwuliza Orpah kilichokosewa Jumatatu. Orpah alimweleza bila kuficha kwamba aliijaribu programu kwa majina ya watu wake mwenyewe, akasahau kwamba dunia ina watu wengine.

"Yaani Wagusii mlituweka sote kwenye droo mbili?"

"Nisamehe, mzee."

"Na bado tulienea!" Akavua miwani. "Nani alikufundisha?"

"Mwalimu Nyarangi alinipa kitabu. Japheth alinipa mashine. Mengine nimeyakosea mpaka nikayajua."

Walituomba tutoke. Tulikaa kwenye lile benchi, sasa tupu, Orpah akiwa ameuma kidole gumba kama alipokuwa mdogo. Sista Metrine hakukawia. Alitoka akiwa amefungua mikono kabla hajasema neno, na hivyo tukajua. Kazi ni yake, aanze Jumatatu, na Rispa awe naye katika chumba kile kile, wafanye pamoja.

Siku ya Sabato tulienda kanisani na Rispa. Alinitambulisha kwa watu kama mama yake kutoka mlimani, na sikumsahihisha. Jumapili asubuhi walinisindikiza hadi stejini. Rispa alikuwa amenifungia omena, dagaa wakavu wa ziwani, kwenye gazeti. "Hawa hawana mifupa ya kukutisha, Dani," akasema. Orpah alibeba mfuko wangu, ingawa haukuwa mzito.

"Baba atasemaje?" akaniuliza.

"Atanyamaza kwanza. Halafu atamwambia kila mteja anayekuja kununua misumari."

Akacheka, kisha akautazama mfuko wangu mkononi mwake. Ndipo nilipoona kwamba ilikuwa imemjia sasa hivi tu, kama ilivyokuwa imenijia mimi tangu Ijumaa: amepata alichotaka, na kwa hiyo mimi narudi Migori peke yangu. Alinirekebisha kitambaa cha kichwa, ambacho hakikuwa kimepinda. Nikamshika uso.

"Kaa vizuri, Mama."

Nilikuwa nimeshapanda na gari linaanza kusogea alipokuja mbio dirishani, akashika vidole vyangu.

"Nyanya, usikae sana huko," akasema. "Njoo tena unitembelee."